Makapi

Kabla hawajamfunga mkanda ndani ya ambulensi
baba alinikabidhi kamba.
Si ufunguo wa nyumba, si daftari la madeni:
kamba ya nailoni, inayong'aa kwa jasho la kiganja,
ipitayo kwenye kapi, kileleni mwa mlingoti,
inayompandisha tetere wake kila alfajiri
juu ya mapaa ya Kotagede.

"Usiivute kwa pupa," alisema. "Ndege si ndoo."

Siku ya kwanza nilivuta kama ndoo.
Tundu likayumba, maji yakamwagika,
Lirih akang'ang'ania fito, manyoya yamemsimama,
akanitazama kwa jicho moja
kama shangazi Suharti atazamavyo wali ulioungua.

Siku ya pili, ya tatu: kimya.
Ndege aliyekuwa akiwaamsha wafua fedha wa mtaa mzima
hakutoa hata *ku*.
Akaja Pak Waluyo wa nyumba ya pili.
"Chakula kipo," nikamwambia, "bakuli limejaa."
Akaliinamia, akapuliza, *fuu!*
Makapi yakaruka, yakamganda masharubuni.
Chini zilibaki punje tatu za mtama.
"Binti, umemfungisha Ramadhani peke yake."

Tangu hapo napuliza.
Nasugua kikombe chake kwa mswaki wa zamani,
nabadilisha gazeti, nikiwaomba radhi mawaziri,
naupaka mlingoti grisi, chungu wasipande.
Jioni nalifunika tundu kwa batiki ya marehemu mama
nikiacha upenyo wa vidole viwili,
upande usio na paka.

Na kila usiku, simu kutoka wodini.
Sauti ya baba imepita kwenye mipira.
"Amekula?"
"Amekula."
"Amelia?"
"Bado."
Kisha tunasikilizana pumzi, vocha inateketea.
Sijamwambia kwamba karakana imefungwa,
kwamba nalala kwenye kiti chake, taa inawaka.
Nasema: huku kwema.

Usiku wa kumi na moja:
"Umekula?"
"Amekula, baba. Mtama, na ufuta kidogo."
"Si yeye." Akakohoa, akakohoa tena.
"Wewe. Wewe umekula?"

Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa tangu juzi.
Nje, chini ya batiki,
kitu kikajigeuza kwenye kijiti, kikakung'uta mbawa.
Nikapuliza kwenye simu, polepole,
kama mtu aliyeinamia bakuli,
nikaanza kumwambia.