Kiambatisho Na. 4

Steshenari yangu iko Newala, nyuma ya benki:
stepla moja, chupa ya gundi,
na kompyuta yenye mdomo kuliko mawifi.
Kila nikituma barua inauliza:
*Je, umesahau kuambatisha?*

Bi. Somoe Nantende ameingia na ukungu,
kanga imelowa mabegani,
mkononi bahasha ya mahakama imekunjwa mara nne.
Alimdhamini mtu mkopo wa salfa.
Mtu huyo kahamia Tunduru, simu haipatikani,
na shamba la Mnyambe limekamatwa.

"Soma tena hapo."
Limekamatwa.
"Kwani lilikuwa linakimbia?"

Tukaandika maombi. Yeye anasema, mimi nachapa.
Kiambatisho Na. 1: nakala ya kitambulisho.
Na. 2: stakabadhi ya ghala, kilo mia tatu na kumi, daraja la pili.
Na. 3: barua ya mtendaji, mhuri umekanyaga sahihi.

"Na. 4," akasema, "andika kitovu."

Nikaacha kuchapa.

"Cha Esha. Na cha pacha wake, yule asiyefika arobaini.
Viko chini ya mkorosho wa tatu ukitokea njiani,
ule ulioinama kama mtu mwenye sikio bovu."

Bibi, mahakama haitakitambua.
"Itakitambuaje? Siku ile haikuwepo."

Miaka tisa nauza neno hili, mia tano kwa ukurasa,
na bado silijui vizuri.
Ambata: ndivyo afanyavyo kupe kwenye sikio la mbwa,
ndivyo yafanyavyo mafuta ya ganda la korosho
kwenye vidole vya mama yangu, aliyebangua tangu usichana.
Sabuni haitoi, mchanga hautoi,
unangoja ngozi yenyewe ichoke, ijivue.
Ambatana: watu wawili na ndoo, saa kumi alfajiri, foleni ya maji.
Halafu kuna ambua, na ambukiza, na ambulia.
Sijui kama ni ndugu wa tumbo moja, sikusomea hayo,
ila ukiwapanga mstari mmoja
pua ni zilezile.

Mchopa alikuwa fundi wa kitalu.
Miche ya watu wote huku juu aliibebesha yeye:
anapasua shina, anachomeka kikonyo cha mti mwingine,
anafunga kwa utepe wa nailoni, taratibu,
kama anayemvisha mtoto sare siku ya kwanza ya shule.
"Wakishashikana, fungua," aliniambia.
"Usipofungua, utepe uleule unanyonga."

Nilimsikia.
Nilikuwa napika, nikasema ehee, nimesikia.
Na bado kila jioni nilimuuliza: ulikuwa wapi, na nani,
mbona simu ililia mara tatu?
Picha zake za pasipoti ziko mbili kwenye droo,
zimegandana uso kwa uso.
Nikizibandua, mmoja atabaki bila macho.

"Umelala?" Bi. Somoe akauliza.

Nikachapa: *Kiambatisho Na. 4: Kitovu.*
Chini yake sikuandika kitu.
Nikaiskani ile karatasi, weupe wake
na alama ya kidole chake pembeni, kidole cha udongo,
nikatuma zote nne kwa karani wa mahakama.
Safari hii kompyuta haikuuliza.

Alinipa mia tatu, mia mbili msimu ukifunguliwa.
Nikamwona akishuka kuelekea stendi,
ukungu ukimfunika kuanzia miguuni.

Saa nane mchana karani akajibu, mstari mmoja:

*Kiambatisho Na. 4 hakifunguki.*

Nimeusoma mara nyingi.
Nimefungua droo, nimeifunga.
Bado sijamjibu.