Kombe la Salha

Huko wanamwita Sali Kombe.
Hapa Limbani ni Salha wa Kombo Faki,
aliyevunja kandili ya shangazi kwa mpira wa matambara
na hajailipa hadi leo.

Jina la baba limekwenda kombo, nasema kwa mzaha.
Shangazi Kazija hacheki.
"Kombe ni kitu cha kunywa," anasema,
"si jina la kuimbia Wazungu."

Aliondoka ana miaka tisa,
gauni la manjano, meli ya asubuhi kutoka Mkoani,
akatapika hadi Unguja (hili tulilipata kwa barua),
kisha ndege, kisha Potsmathi,
chumba kinachonuka kabeji na mama asiyesema.
Shule ilitupa piano. Wakaivuta, wakaipandisha ngazi.
Funguo sita bubu.
Akajifunza kuziruka.
Wanaosifu leo vile vituo vyake vya ghafla,
pale sauti inaposita kama mtu aliyesahau kitu sokoni,
hawajui kuwa ni funguo sita mbovu.

Kaseti ya kwanza ilifika ndani ya soksi,
ndani ya sanduku la mtu wa Mtambwe.
Kwenye jalada nywele zake zina rangi ya shaba,
bega moja liko nje.
Shangazi akatafuta kalamu, akamchorea mtandio.
Wino umepauka. Mtandio ungalipo.

Mie ndiye mwalimu wa Kiingereza,
basi mie ndiye mkalimani.
"Anasemaje?"
Alikuwa anasema: nililala kwa mtu nisiyemjua jina,
mvua ikaninyeshea ndani.
Nikasema: Anasema huko mvua nyingi.
"Masikini. Na hapo?"
Hapo alisema: mama, sina lugha ya kukulilia.
Nikasema: Anakusalimu.

Wimbo ule ukapanda hadi wa tatu, Uingereza nzima.
Wa tatu! Shangazi akauliza nani wa kwanza, nani wa pili,
akawaapiza wote wawili bila kuwajua.

Kisha koti la fedha kwenye televisheni.
Kisha ndoa na mpiga ngoma, talaka na mpiga ngoma,
na sahani ya pili, iliyonunuliwa na jamaa zake tu.
Sie jamaa zake hatukuinunua. Tulinakili.

Kisha koo.
Uvimbe, waliandika, kama punje ya mtama.
Wakampasua. Akanyamaza miaka saba.

Shangazi akaenda kwa maalim wa Bopwe,
akaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe,
akaliosha kwa marashi, maji yakawa ya dhahabu
katika bakuli la bati.
Mgonjwa yuko Potsmathi, dawa iko Wete:
akalinywa mwenyewe.
Siku saba, kabla ya chai.
"Koo ni koo," alisema, akifuta midomo. "Damu inajua njia."
Mie na shahada yangu nilisimama mlangoni.
Siku ya nne nilimshikia bakuli.

Mwaka jana katoa tena.
Hakuna ngoma, hakuna koti, piano tu,
na sauti iliyorudi siyo ile iliyoondoka:
inaparuza, mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha meno.
Ukumbi, nimesoma, ulikuwa na viti mia na ishirini.

Umeme ulikatika. Chaji ilibaki kidogo.
Tukaitia simu ndani ya bakuli la bati
ili sauti ipate kutoka.
Mistari miwili ya Kiingereza, nikaitafsiri uongo.
Akasita, kama kawaida yake.
Kisha akasema kitu kwa ulimi mzito,
ulimi wa mtoto wa miaka tisa ndani ya mdomo wa mtu mzima,
nami nikachelewa kukijua.

"Anasemaje?"

Ni Kiswahili, shangazi.
Anasema kandili atalipa.

Akaitazama simu ilivyolala pale chini, skrini ikififia.
"Mwambie," akasema,
"kandili zile haziuzwi tena."