Chini ya Mtulinga

Fundi Sechelela wa Majengo alilishika koti begani,
akaingiza ngumi nzima kati ya kitambaa na mimi,
hapa, chini ya mtulinga.
"Kulipunguza naweza," akasema, pini mdomoni,
"ila koti zuri hili. Afadhali tukuongeze wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka.
Lilikuwa koti la baba.

Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga,
kuna ua wa mabati usio na paa.
Vyuma vyake ni gia mbili za lori,
makopo ya rangi yaliyoshindiliwa saruji,
na bomba la maji lililochoka kungoja maji.
Mwenye ua anaitwa Chilewa. Shingo hana, daftari analo.
Alinitazama kama mtu anayepima kiwanja:
"Chini pana nyama kidogo. Juu hapa pamebonyea.
Mvua ikikukuta umelala chali, utakinga maji."
"Mvua ya wapi," nikamwambia, "hapa Dodoma?"

Akaliinua benchi upande wa kichwa kwa matofali.
Moja. Mbili. Akafumba jicho, akaongeza kipande.
"Nyuzi thelathini. Ukizidisha, mabega yanaiba kazi.
Ukilaza, kifua cha chini kinakula peke yake,
na hicho hakijawahi kulala njaa."

Kisha maneno mengine, na vumbi likiingia kwa vishindo:
bana mabega nyuma, kana kwamba umeficha noti mgongoni;
viwiko visitawanyike kama kuku anayefukuzwa;
shusha taratibu mpaka hapa
(akanigusa kwa kidole kinachonuka grisi)
hapa, si kwenye chuchu, si kooni;
halafu sukuma,
kama unayekataa jambo kwa heshima.

Nane. Tisa.
Ya kumi ilipanda nusu, ikasimama kufikiri.
Chilewa hakunisaidia. Aliandika.

Juma lile sikuweza kufunga tai.
Ofisini nilisaini mafaili kwa mkono ulioning'inia,
bosi akauliza kama nimeanguka na bodaboda.
Nikala mayai. Nikala karanga hadi taya likauma.
Nyumbani niliweka miguu kitandani, viganja sakafuni,
nikajisukuma kutoka kwenye dunia mara kumi na mbili,
mwanangu Nyemo akihesabu, akiruka saba kila mara
kwa sababu saba haipendi.

Mwezi wa pili zikaja tyubu za baiskeli,
zimefungwa chini kabisa, kwenye visiki vya nguzo.
Unazivuta kutoka nyongani,
mikono inapanda, inakutana mbele ya macho.
Inakutana mbele ya macho.

Hapo ndipo nilipomwona.
Mpunguzi, chini ya chanja za zabibu,
mikono juu ya uso tangu alfajiri,
anafunga matawi kwa uzi wa katani, anakata, anafunga,
jasho likimwingia masikioni.
Hakuna aliyemwandikia daftari.
Hakujua seti wala marudio.
Tukimwita kula alijibu bila kugeuka:
"Nimebakiza mistari mitatu."
Nami, mtoto wa vitabu, nilikaa kivulini
nikizila zabibu alizozibeba kifuani,
nisijue kuwa kifua kile kilikuwa kinashonwa
huko, mstari kwa mstari,
na koti lingenunuliwa baadaye kulifuata.

"Mbona umesimama?" Chilewa akauliza.
"Vumbi," nikasema.
Akatazama anga. Upepo ulikuwa umetulia.
"Haya. Vumbi. Malizia."

Agosti nilirudi Majengo.
Sechelela akajaribu ngumi, ikagoma.
Akajaribu vidole, vikaingia vitatu,
cha nne kikabaki nje kama mgeni mlangoni.
"Bado," akasema, akalikunja koti.
Mfukoni akakuta kipande cha uzi wa katani,
kikavu, kimepinda fundo.
"Nitupe?"
Nilimnyang'anya kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.