Sabuni ya Mche

Gari hili Jumatatu lina kazi.
Nalisema hili kila Jumapili alfajiri
nikiling'oa kiti cha nyuma, nikikiegemeza ukutani
uani kwetu Mikindani, kando ya trei tupu za mayai.
Naivua na tasbihi ya mama kwenye kioo,
naifunga ndani ya leso, naitia drooni.
Isije ikashuhudia.

Ni Starlet, ya mwaka tisini na mbili. Mlango wa kushoto
ulizaliwa na gari jingine: mwekundu, na mwili mweupe.
Namba kumi na saba nimeiandika kwa utepe wa fundi umeme.
Wiki nzima ni mayai, Magongo hadi Jomvu,
trei arobaini, na barabara ile mnaijua.
Mguu wangu umefunzwa na mayai.
Nafunga breki kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Leo hakuna yai. Leo tuko chimboni,
nyuma ya Bamburi, walikokata mawe hata wakachoka,
na klabu yetu, watu ishirini na watatu, saa moja ya kupimia,
matairi mabovu yaliyopakwa chokaa,
imechora njia ya mita mia tisa.
Vumbi la hapa si jekundu. Ni unga wa matumbawe,
lakaa kwenye kope kama umeshinda kinuni.
Hasnain wa duka la betri, Mwakio mwalimu wa hesabu,
Shebwana anayeng'oa watu meno pale Makupa:
sote mizuka,
sote twacheka kwa meno ya kijivu.

Bendera anayo Mwakio. Akiishusha
sisikii kitu, ila kokoto
zikipiga tumbo la gari
kama mvua ya Mei juu ya bati.
Kona ya kwanza, gia ya pili, breki ya mkono,
mkia wachepuka, wachepuka, ngoja,
ngoja, sasa kanyaga!

Kona ya tatu ina nundu. Wenye akili huizunguka,
hupoteza sekunde moja na nusu, hurudi kwao salama.
Mizunguko mitatu niliizunguka.
Wa nne, wa mwisho, Hasnain yuko mbele yangu gari moja tu,
akapinda kulia kwa adabu,
na mguu wangu, ule wa mayai,
ukakataa adabu.

Nikaruka.

Huko hewani nilisema kitu.
Nadhani nilisema: Jumatatu.

Kisha chini, na mlio wa sufuria iliyokutana na mchi.

Nilikuwa wa pili. Shebwana aliitazama saa mara mbili
kwa huruma, saa haikubadili neno.
Zawadi ilikuwa tairi moja, halijatumika sana,
na Hasnain alikuwa keshalikumbatia
alipoona nyuma yangu, katika ule unga mweupe,
mstari mwembamba wa maji yasiyo maji.
Mwakio akaenda kuzimia sigara yake mbali.

"Tangi," akasema Hasnain, tayari kalala chali chini ya gari,
miguu yake tu ikizungumza nami. "Ufa wa unywele.
Niletee sabuni kwenye kapu la chakula."
Ilikuwa sabuni ya mche, ya bluu, ya kunawia kabla ya pilau.
Akaikanda, akaipaka, akaibana kwa kidole gumba
muda wa mtu kusoma Yasini,
na mstari ukakoma.
Pilau tukaila mikono ikinuka petroli.
Tairi akalipakia kwake. Sikumlaumu.

Jumatatu asubuhi fundi wa kuchomelea Changamwe
alilishusha tangi, akalicheka, akaliziba.
Saa nane nilikuwa Jomvu.
"Mbona mayai yako leo yanukia kufuliwa?"
akauliza Bi Mbodze.
Nikamwambia kuku wetu ni wasafi.

Jioni mama aliitaka tasbihi yake.
Akaikung'uta leso; vumbi jeupe
likashuka taratibu mezani, baina yetu.
Akazipuliza shanga, moja, moja.

"Wa ngapi?"

"Wa pili."

Akarudi kuhesabu.