Swali la Saba

Umeme umekatika Konde tangu kabla ya Isha.
Nasahihisha kwa taa ya sola niliyoazima kwa jirani:
madaftari thelathini na nane, kalamu nyekundu moja
inayotoa wino ikijisikia.

Swali la saba: *Taja tofauti tatu
kati ya nondo na kipepeo.*

Mwongozo ninao, umekunjwa mara nne.
Kipepeo huruka mchana, nondo usiku.
Kipepeo akitua husimamisha mbawa mgongoni,
nondo huzilaza kama paa la makuti.
Vipapasio vya kipepeo vina kirungu nchani,
vya nondo vina manyoya, au vimechongoka tu.
Alama moja moja. Hakuna nusu.

Shaame Kombo, mtoto wa fundi, ameandika:
*Nondo ni ya chuma, kipepeo si wa chuma.
Nondo hupimwa kwa milimita, kumi na mbili ndiyo ya nguzo.
Nondo ikinyeshewa hushika kutu.*
Nikacheka peke yangu hata paka akaamka.
Tofauti tatu, na zote kweli.
Nikatia mkasi, mkono mzito.

Kisha daftari la Mize Faki,
linanukia karafuu hata hujalifungua.
Msimu huu kwao wanachambua mpaka usiku wa manane,
karafuu huku, makonyo kule,
na kazi za skuli hufanywa pembeni mwa jamvi,
kwa vidole vilivyokwisha kuwa vyeusi.

Anaandika:
*Kipepeo ana karafuu mbili kichwani,
kila moja na kikonyo chake.
Nondo keshachambuliwa. Kabaki na makonyo.*

*Kipepeo akikaa hujifunga kama daftari.
Nondo hukaa wazi, ukitaka usome.*

*Kipepeo akiingia ndani, bibi husema leo tuna mgeni.
Nondo akiingia, bibi huvua kandambili.*

Ningeishia hapo. Yeye hakuishia.
*La nne hukuliuliza, Mwalimu.
Kanga ya mama imetoboka kashani
na watu wamesema nondo, lakini si yeye,
ni wanawe, bado wadogo, hawajaota mbawa.
Yule mkubwa hali kitu. Nimemtazama siku tatu.
Nilipomwambia mama alikuwa anatugaia muhogo,
sahani yake kavu. Akasema,
basi huyo tumelingana.*

Nimeweka kalamu chini.

Mwezi uliopita, njia ya Ngezi, saa nne ya mchana,
nilimwona mmoja mweusi mwenye madoa mekundu,
anaruka kivivu juu ya magugu kama mwenye shamba.
Nikamwita kipepeo, nikapita zangu na baskeli.
Sasa ndiyo nakumbuka alivyotua:
mbawa chini, kichwa kama kitana.
Mwongozo wangu haukumjua.
Mimi niliyeusomesha miaka kumi na moja
sikumjua.

Na huyu hapa, wa usiku, amekuja kwa taa.
Kajigonga mara mbili, kaacha vumbi kwenye kioo,
vumbi kama la chaki baada ya kipindi cha mwisho,
halafu katua juu ya mwongozo,
katandaa barabara pale palipoandikwa *usiku*.
Namwinamia. Nazuia pumzi nisimpeperushe.
Makonyo matupu, kweli.
Na macho, ambayo hakuna aliyeyauliza,
yanawaka kama makaa ya jana.

Mize nimempa tatu. La nne halina pa kuandikwa,
nimelichorea duara, nikashindwa la kusema,
nikaandika tarehe.

Saa saba umeme umerudi kwa kishindo,
friji ikakohoa, redio ya mtu ikaanza katikati ya neno,
na nondo wangu kaniacha bila ya kwaheri,
kaifuata balbu ya barazani.

Nimerudi kwa Shaame Kombo.
Nguzo za skuli yetu zina nondo ya kumi na mbili,
baba yake ndiye aliyezifunga.
Nimempa nusu.