Dakika Kumi

Kabla ya chuo, mama hunipandisha darini,
mikono ya kanzu huikunja hadi mabegani.
Jua dakika kumi, alisema daktari, lisizidi.
Mama hazihesabu kwa saa, ila kwa tasbihi.

Soriasisi: neno refu kwa viwiko vidogo.
Magamba hubanduka kama chokaa
ya ukuta wetu wa Langoni kila masika,
na ukuta haukimbiwi na mtu.

Bali Somoe alisogeza mkeka wake.

Jana kaja, kauliza: Yaambukiza?
Haiambukizi. Yawasha tu.
Akachovya kidole koponi,
akanipaka nyuma ya kiwiko, pale nisipofikia,
mafuta yaliyobaki akajipangusia mkononi mwake
kama hina.