Kuchuchumaa

Tulidhani anatazama siafu.
Kila akikimbia hatua kumi kwenye migomba
Tupokigwe huchuchumaa, magoti kidevuni,
nami husema, huyu ana udadisi,
atakuja kufundisha sayansi.
Midomo yake niliisingizia baridi ya Isyonje.
Nani hana midomo ya zambarau mwezi wa saba?

Daktari Kihwele alichora moyo nyuma ya risiti,
vyumba vinne, kama nyumba ya mwalimu mkuu,
akatoboa ukuta wa kati kwa ncha ya kalamu.
"Hapa pana tundu. Na mlango huu ni mwembamba.
Akichuchumaa, mama, anajitibu.
Hakuna aliyemfundisha."

Mara ngapi nilimwambia: simama, unachafua gauni.

Mbeya wametuandikia rufaa ya Dar. Dar wamesema Septemba.
Wakataja na hesabu: katika watoto mia, watano hawaamki.
Mimi nauza viazi, mia naijua.
Kwenye lumbesa vikioza vitano
hakuna mnunuzi atakayerudi kulalamika.
Lakini gunia sina. Nimebeba mmoja.

Baba yake haongei.
Amepanda kwenye bati na kopo la lami,
anaziba palipovuja masika,
anaziba na pasipovuja.
Mama mkwe anataka aombewe kwanza, tusikimbilie visu,
mbona shangazi yao Sekela
aliishi na moyo wake mbovu hadi akazaa?
Hadi akazaa. Anaishia hapo.
Simuulizi yaliyofuata.

Na majirani: jipe moyo, mama Tupo.
Piga moyo konde. Usife moyo.
Lugha yetu imejaa mioyo tele,
hakuna hata mmoja wa kuazima.

Usiku nalaza sikio mgongoni kwake.
Hakudundi kama kwa kaka zake,
kunavuma: maji yanabanwa na jiwe,
Kiwira ikijipenyeza chini ya Daraja la Mungu.
Nimelala na sauti hiyo miaka mitano
nikidhani watoto wa kike ndivyo walivyo ndani.

Jana aliniuliza, huku akimenya ndizi,
"Wakishanishona, nitafika kwa bibi
bila kukaa chini njiani?"
Sikusema ndiyo.
Nilimwambia, kula.

Giza lilipoingia Asangalwisye alishuka,
akaomba kalamu bila kunawa.
Akaandika jina lake lote, hata la babu,
na kidole chake kikaacha doa la lami
juu ya neno *ridhaa*.
Akaniachia fomu mezani, akaenda kufunga ndama.

Mstari wa mama uko wazi.
Nimechuchumaa kando ya jiko, magoti kidevuni.
Nitasaini.
Niacheni kidogo nipate pumzi.